Henry Ford, Mtengenezaji na Mvunjaji wa Motokaa

Kila apitaye Kibaoni, penye njia iingiayo Ifakara kutoka Kidatu, ameona bila shaka jinsi biashara ya vyuma chakavu ilivyokua katika bonde letu la Kilombero. Toka alfajiri vijana husukuma mikokoteni wakikusanya masufuria yaliyotoboka, majembe yaliyokwisha, mabati yaliyoliwa na kutu, fremu za baisikeli na injini za mashini za kukobolea mpunga. Vyote hivyo huishia kwenye mizani. Hivi karibuni tulisimama kwenye uwanja mmoja wa biashara hiyo tukakuta lori la Ford likikatwa kwa moto wa gesi. Lilikuwa lori la miaka ya 1960, lililoundwa Uingereza katika tawi la kampuni ile ya Marekani, na wazee waliokuwapo walitueleza kwamba lilibeba mpunga, mbao na abiria wengi katika njia hizi miaka mingi kabla daraja la mto Kilombero halijafunguliwa mwaka wa 2018. Mzee mmoja aliyeliendesha zamani alikuwa amekaa kando, juu ya gurudumu. Alituuliza kama huyo Ford, ambaye jina lake liko usoni mwa lori, alikuwa mtu au ni jina la mahali tu.

Alikuwa mtu, tena mtoto wa mkulima. Na kwa kuwa maisha yake yanawahusu wafanya kazi wa dunia nzima, kwa mema na kwa mabaya, tumeona yafaa kuyaeleza hapa.

Henry Ford alizaliwa tarehe 30 Julai, 1863, shambani karibu na Dearborn, katika jimbo la Michigan, wakati Wamarekani wakipigana wenyewe kwa wenyewe katika vita iliyohusu utumwa. Baba yake, William, alikuwa Mwailandi aliyehama kwao mwaka wa 1847, wakati wa njaa kuu. Mama yake alifariki mwaka wa 1876, Henry akiwa na umri wa miaka 12. Mwaka huo huo aliona njiani mtambo wa mvuke ukijiendesha wenyewe bila kuvutwa na farasi, na jambo hilo hakulisahau hata uzeeni. Kazi ya shamba hakuipenda. Hakuwa mvivu, alichukizwa kuona jasho jingi likileta mavuno machache. Akili yake yote ilikuwa katika saa na mashini, akizifungua na kuzifunga tena.

Alipotimiza miaka 16 aliacha nyumba ya baba yake akaenda mji wa Detroit kujifunza ufundi wa chuma. Baadaye alirudi kijijini, akaendesha mitambo ya mvuke katika mashamba ya watu, akamwoa Clara Bryant mwaka wa 1888. Mwaka wa 1891 aliajiriwa katika kampuni ya umeme ya Edison mjini Detroit. Mchana alikuwa mtu wa mshahara kama sisi. Usiku alijifungia katika kibanda nyuma ya nyumba yake akiunda gari lake mwenyewe. Lilimalizika mwezi wa Juni, 1896. Lilikuwa kitu chepesi chenye magurudumu manne mfano wa yale ya baisikeli, na mafundi wetu watacheka wakisikia kwamba lilipokuwa tayari, fundi aligundua kuwa mlango wa kibanda ni mwembamba kuliko gari. Alichukua shoka akaubomoa ukuta wa matofali. Kisha akaliuza gari hilo kwa dola 200 apate fedha za kuunda jingine.

Kampuni yake ya kwanza, iliyoanzishwa mwaka wa 1899, ilikufa. Ya pili aliiacha mwenyewe mwaka wa 1902 baada ya kugombana na wenye fedha, nayo ikageuka kuwa kampuni ya Cadillac. Ya tatu, iliyoandikishwa tarehe 16 Juni, 1903, ndiyo iliyobaki na jina lake mpaka leo. Ugomvi ulikuwa juu ya jambo moja. Matajiri walitaka motokaa za fahari kwa ajili ya matajiri wenzao. Ford alitaka gari moja tu, rahisi, gumu, la kununuliwa na mkulima. Mwezi wa Oktoba, 1908, akalitoa gari hilo, aina ya T, kwa bei ya dola 850 hivi. Lilisimama juu ya ardhi ili lipite katika njia mbovu za mashambani, chuma chake kilikuwa chepesi na imara, na mwenyewe aliweza kulitengeneza kwa koleo na waya. Anayejua tope la bonde hili wakati wa masika ataelewa kwa nini gari kama hilo lilipendwa.

Hapa ndipo tunapofika kwenye kiini cha habari ya mtu huyu. Katika mji wa Chicago kulikuwa na machinjio makubwa ambamo mnyama aliyechinjwa alining'inizwa kwenye reli ya juu, akapitishwa mbele ya watu waliosimama mstari mmoja, kila mtu akikata sehemu yake tu, mpaka mwisho wa mstari hakikubaki kitu. Ford na wasaidizi wake walitazama kazi hiyo, wakaigeuza. Badala ya kuanza na mzima na kumaliza na vipande, wao walianza na vipande wakamaliza na kizima. Mwaka wa 1913, katika kiwanda cha Highland Park, gari lilianza kuvutwa polepole mbele ya wafanya kazi, mmoja akitia parafujo, mwingine akikaza nati, mwingine akifunga gurudumu. Kuunganisha gari moja, kazi iliyokuwa ikichukua saa kumi na mbili na nusu, kukawa kazi ya dakika 93. Bei nayo ikashuka mwaka hata mwaka, na kufikia mwaka wa 1925 gari la bei ya chini kabisa la aina hiyo liliuzwa dola 260. Mpaka uundaji wake ulipokoma mwaka wa 1927, magari ya T yalikuwa yamefika milioni 15.

Lakini mtu si parafujo. Fundi aliyekuwa akijua gari zima toka mbele hata nyuma alijikuta amesimama mahali pamoja, akizungusha mkono ule ule mara elfu kwa siku. Watu walikimbia. Mwaka wa 1913, ili kampuni iwe na watu 14,000 kazini, ilibidi iandike zaidi ya 52,000. Ndiyo sababu, tarehe 5 Januari, 1914, Ford alitangaza kwamba atalipa dola tano kwa siku ya saa nane, wakati mshahara wa kabla ya hapo haukufika dola mbili na nusu kwa saa tisa. Dunia ilishangaa. Matajiri wenzake walisema ameingiwa na wazimu. Maelfu ya wasio na kazi walimiminika kwenye milango ya kiwanda katika baridi kali ya mwezi ule, na wachache tu ndio waliopata. Waliobaki walipofanya fujo walimwagiwa maji ya baridi kwa mipira ya wazima moto.

Nasi hatuna budi kusema kweli, kwamba mshahara ule ulikuwa hatua kubwa. Mfanya kazi aliyeunda motokaa aliweza kwa mara ya kwanza kufikiri ya kuinunua. Lakini nusu yake iliitwa sehemu ya faida, na ili aipate mtu alichunguzwa nyumbani kwake na wakaguzi wa kampuni, waliotazama kama analewa, kama anaweka akiba, kama chumba chake ni safi. Mwanzoni wanawake hawakupewa kabisa. Watu weusi aliwaajiri kwa maelfu, wakati viwanda vingine vya motokaa viliwafungia mlango, na jambo hilo jamaa zetu wa Detroit hawakulisahau. Walakini wengi wao aliwaweka katika chumba cha kuyeyushia chuma, penye moto na moshi na hatari.

Sifa za gari lile zilifika huku upesi. Katika vita ya 1914 mpaka 1918 jeshi la Waingereza liliyatumia magari madogo ya Ford hapa Afrika ya Mashariki, katika njia zilizokatwa jana na kuzama leo. Gari lilipokwama, mzigo ulirudi pale ulipokuwa tangu mwanzo, yaani vichwani mwa wapagazi wetu, waliokufa kwa makumi ya maelfu kwa njaa na maradhi. Baada ya vita, Ford zenye bodi za mbao zilizochongwa na mafundi wa hapa hapa zikawa gari la kawaida katika njia za Kenya na nchi jirani.

Tajiri huyu alichukia sana kuona kitu kinatupwa. Huko Dearborn, kando ya mto Rouge, alijenga kiwanda kikubwa ambamo mawe ya chuma na makaa yaliingia kwa meli upande mmoja na motokaa kutoka upande wa pili. Vipande vya mbao vilivyobaki alivichoma mkaa akauuza. Mwaka wa 1925 alinunua kwa serikali ya Marekani meli 199 zilizobaki baada ya vita, akazikata na kuziyeyusha. Na mwaka wa 1930, motokaa kuukuu zilipojaa katika nchi hata wauzaji wakakosa mahali pa kuziweka, aliwalipa mawakala wake dola 20 kwa kila gari bovu, la kwake au la mwingine, akafungua mstari wa kuvunja magari katika kiwanda kile kile kilichoyaunda.

Msomaji na atazame jinsi mambo yalivyozunguka. Gari lilivutwa polepole mbele ya watu, kama mnyama wa Chicago. Wa kwanza alitoa petroli na oili, wa pili akatoa taa na betri, wengine vioo, matairi, mbao za sakafuni, singa za farasi zilizojazwa katika viti. Vioo vilikatwa vikatumika tena, mbao zikatumika, oili ikachujwa. Kilichobaki, bodi tupu na fremu, kilisukumwa chini ya mashini kubwa iliyolibana gari likawa kama mkate uliokanyagwa, kisha likatupwa ndani ya tanuri ya kuyeyushia chuma. Mamia ya magari yalikwenda njia hiyo kwa siku. Mtu aliyeyafunga nati zake miaka kumi kabla aliweza kusimama pale pale akiyafungua.

Pale Kibaoni kijana mmoja mwenye nyundo, patasi na mtungi wa gesi hufanya kazi yote hiyo peke yake, bila glavu na bila miwani ya kukinga macho. Tumeona cheche zikimrukia usoni. Mwenye mizani hakuonekana kujali, wala hatukuona sanduku la dawa mahali popote.

Wakati magari yale yakiyeyushwa, watu nao walikuwa wakitupwa nje. Ilikuwa miaka ya mdororo mkuu wa uchumi. Tarehe 7 Machi, 1932, maelfu ya wasio na kazi waliandamana kwenda kwenye kiwanda cha Rouge kudai kazi, matibabu na haki ya kuwa na chama. Polisi wa Dearborn na askari wa kampuni waliwapiga risasi. Watu wanne walikufa, na wa tano alifariki baadaye kwa majeraha yake. Kiongozi wa askari wale wa kampuni alikuwa Harry Bennett, mtu aliyezoea kukaa na majambazi, naye Ford alimwamini kuliko alivyomwamini mwanawe wa pekee, Edsel. Mwezi wa Mei, 1937, watu wa Bennett waliwapiga Walter Reuther na viongozi wenzake wa chama cha wafanya kazi wa motokaa mbele ya wapiga picha wa magazeti, juu ya daraja la waendao kwa miguu mlangoni pa kiwanda. Picha zile zilienea nchi nzima. Makampuni mengine makubwa, General Motors na Chrysler, yalikwisha kutia saini na chama mwaka huo huo. Ford alikataa miaka minne zaidi. Aliweka mkono katika mapatano mwezi wa Juni, 1941, baada ya mgomo mkubwa wa mwezi wa Aprili, na inasimuliwa kwamba mkewe Clara ndiye aliyemwambia kuwa atamwacha kama damu itamwagika tena.

Kuna jambo jingine ambalo wasimulizi wengi wa maisha yake hulipita haraka. Tangu mwaka wa 1920 gazeti lililokuwa mali yake liliwatukana Wayahudi kwa habari za uongo, nazo zikakusanywa na kusomwa hata Ujerumani. Mwaka wa 1927 aliomba radhi na gazeti likafungwa; lakini mwaka wa 1938, alipotimiza miaka 75, alikubali nishani ya serikali ya Hitler. Mtu aliyejua thamani ya kila kipande cha chuma alishindwa kuona thamani ya taifa zima la watu.

Tena alidhani kwamba njia iliyofaa Detroit itafaa kila mahali. Katika mwaka wa 1928 alianza kufyeka msitu wa Brazili, kando ya mto Tapajós, apande mipira ya matairi. Alijenga mji wa nyumba za Kimarekani, akawapangia wafanya kazi chakula na saa za kuishi kama alivyozoea kwao. Mwezi wa Desemba, 1930, walivunja bwalo la chakula. Miti nayo ilipandwa karibu karibu, ikapatwa na ugonjwa wa majani. Mwaka wa 1945 shamba lilirudishwa kwa serikali ya Brazili kwa bei ndogo, hasara ikiwa karibu dola milioni 20. Sisi tulipata mfano wa namna hiyo nyumbani mwetu. Mwaka wa 1947 serikali ya Uingereza ilileta Kongwa mabuldoza ya Kimarekani yaliyobaki Ufilipino baada ya vita, pamoja na vifaru vya Sherman vilivyogeuzwa kuwa matrekta, ili kulima karanga mahali ambapo mvua na udongo havikuchunguzwa vema. Mengi yaliharibika mapema, na mpango ulipoachwa mwaka wa 1951 hasara ilikuwa pauni milioni 36 hivi. Wazee wa Ugogo waliona vyuma chakavu vya Kimarekani kabla hatujaviona sisi wa Kilombero.

Edsel alifariki mwaka wa 1943. Mzee akarudi kwenye kiti, afya yake imeharibika na akili imechoka, mpaka mwaka wa 1945 alipomwachia mjukuu wake, Henry wa pili, ambaye kazi yake ya kwanza ilikuwa kumfukuza Bennett. Tarehe 7 Aprili, 1947, mto Rouge ulifurika. Maji yaliingia katika mtambo wa umeme wa nyumba yake huko Dearborn, umeme ukazimika, simu zikakatika. Usiku ule Henry Ford, aliyekuwa mhandisi wa umeme katika ujana wake, alikata roho kwa mwanga wa mishumaa na taa ya mafuta, akiwa na umri wa miaka 83.

Tulimweleza mzee wa Kibaoni mengi ya hayo siku ya pili, kwa kuwa kukata lori zima si kazi ya siku moja. Alisikiliza kwa makini habari za dola tano kuliko zote, akataka kujua zilinunua nini wakati ule. Kisha akauliza chuma cha lori lake kinakwenda wapi. Kinakwenda Dar es Salaam, huyeyushwa na kufanywa nondo, na nondo hurudi kuuzwa katika maduka ya Ifakara kwa bei ambayo kijana wa mkokoteni hawezi kuikaribia. Zamani kidogo, kaskazini ya hapa, Mang'ula, palikuwa na karakana kubwa iliyoanzishwa wakati reli ya TAZARA ikijengwa kati ya 1970 na 1975, ikawa baadaye kiwanda cha mashini na vipuri, nacho kilisimama. Mzee alikikumbuka. Kwa maoni yetu, wanaosimamia viwanda wangepaswa kukikumbuka pia, kwa sababu bonde lenye kiwanda cha sukari, mashini za mpunga na matrekta mengi namna hii halikosi haja ya chuma.

Lile gari la kwanza la Ford, aliloliuza dola 200 mwaka wa 1896, alilitafuta baadaye akalinunua tena kwa dola 65. Lipo Dearborn mpaka leo, katika makumbusho aliyoyazindua mwenyewe mwaka wa 1929, mwaka mmoja tu kabla ya kuanza kuyabana na kuyayeyusha magari ya watu wengine. Lori la Kibaoni lilimalizika siku ya tatu, likapakiwa vipande vipande. Mzee aliomba aachiwe usukani. Ulipimwa kwanza, akaulipia, akaenda nao nyumbani kwa baisikeli.